Niache kazi nikasomee shahada ya ubora na usalama?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Chang'ombe hapa Dodoma na nina mtoto mmoja. Nilimaliza stashahada ya teknolojia ya chakula mwaka 2022, sasa ni mdhibiti ubora katika kiwanda cha kukamua alizeti, Kizota. Napima unyevu wa mbegu getini kabla mkulima hajalipwa, napima asidi ya mafuta maabara, nakagua madumu kabla hayajapakiwa. Mshahara ni 450,000 kabla ya makato. Mwaka huu wameleta kijana mwenye shahada. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika bureti, naye sasa ndiye mkuu wangu.

Nimeona chuo chenye shahada ya miaka mitatu ya udhibiti wa ubora na usalama, ada 1,500,000 kwa mwaka. Kaka yangu anasema niache kazi niombe mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Rafiki yangu ananipeleka kwa watu wanaotoa mkopo siku hiyohiyo, marejesho kila wiki. Je, nikimaliza nitafaidika, au deni litanimeza?

Binti wa Kizota

JIBU

Marahaba mwanangu. Tuanze na huyo rafiki yako. Kukopa ada ya miaka mitatu kwa marejesho ya kila wiki ni kausha damu, hata kama ofisi yao ina kiyoyozi na kalenda nzuri ukutani. Anayeuza nyanya soko la Majengo anashika hela kila siku, anaweza akapambana nao. Wewe mshahara wako unaingia mara moja kwa mwezi. Hao tuwaache.

Mkopo wa Bodi ni habari nyingine, na sina ugomvi nao. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikifanya deni liumuke kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Unarudisha ulichokopa pamoja na asilimia 1 ya uendeshaji. Ukishaajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Nimeandaa mishahara ya viwanda na ya miradi ya ujenzi kwa miaka mingi, na nawajua vijana wanaokuja mezani na salari slipu ya kwanza mkononi, kidole kimekaa kwenye mstari wa Bodi, wakidhani mhasibu kawaibia.

Ila kuna jambo kaka yako hakulisema. Bodi inataka mwombaji asiwe na kipato cha ajira wala cha biashara. Kwa hiyo lazima kazi uiache, na gharama kubwa ya shahada yako iko hapo hasa.

Hebu tupige hesabu. Kwenye 450,000 yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 45,000, kodi ya mshahara 10,800, unabaki na 394,200. Zidisha kwa miezi 36: ni 14,191,200. Hizo ndizo utakazoziacha Kizota. Ada yote ni 4,500,000. Tuseme Bodi ikulipie ada yote na bumu, yaani hela ya kujikimu, la 5,500,000 kwa miaka mitatu, deni linakuwa milioni 10. Bumu litakulisha wewe. Kodi ya chumba Chang'ombe na viatu vya mtoto havimo.

Sasa tuseme umemaliza, ukaajiriwa kwa 800,000. NSSF 80,000, kodi 60,000, Bodi 120,000. Unaondoka na 540,000. Umepanda kwa 145,800 kuliko leo, na deni litakwisha baada ya miaka 7 hivi. Hata nikilihesabu bumu kuwa ni kipato, unahitaji karibu miaka 5 ya kazi kufidia mshahara ulioacha. Na hapo nimekuwa mkarimu, nimechukulia kwamba ulipata kazi wiki uliyovua joho.

Mwajiri akikupa 600,000 je? Toa NSSF 60,000, kodi 24,000, Bodi 90,000, unabaki na 426,000. Miaka mitatu darasani, na nyongeza yako ni 31,800 kwa mwezi. Hela ya bodaboda! Utakaa nayo hivyo zaidi ya miaka 9 mpaka Bodi watosheke, labda upandishwe.

Ndiyo maana mimi hutaka kujua kwanza nani ataajiri. Jina la shahada yako limebeba kazi mbili. Ubora wa chakula ni eneo la TBS, shirika la viwango, ambao tangu mwaka 2019 walichukua pia usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Usalama wa wafanyakazi ni eneo la OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na sheria yake ya mwaka 2003. Mwenye kiwanda cha alizeti anamtafuta mtu wa kwanza. Mkandarasi anamtafuta wa pili, yule wa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa. Miradi mikubwa imetujia Dodoma, uwanja wa ndege wa Msalato na barabara ya mzunguko ni mifano, na maafisa usalama wa miradini niliowaandalia mishahara walilipwa vizuri kuliko watu wa maabara viwandani. Tatizo lao ni kwamba mradi ukiisha na mkataba umeisha, na ule unaofuata huenda uko Kigoma.

Viwanda vyetu vya alizeti navyo ni vya msimu. Mbegu zikiisha ghalani mashine zinanyamaza, na tajiri anaona mtu mmoja wa maabara anatosha. Huyo kijana uliyemfundisha pengine amekalia kiti pekee kilichokuwepo. Ukirudi na shahada yako utamkuta palepale. Bora uangalie nje ya mafuta. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na mtu anayejua kuipima anaweza kubisha hodi kwa wasaga unga, kwa wanunuzi wa karanga, kwa wenye maghala Kibaigwa. Chuo ulichokiona kinafundisha kuipima kwa vitendo, au ni nadharia na mtihani? Nenda uwaombe wakuonyeshe maabara.

Kwa maoni yangu, usiache kazi. Tafuta chuo chenye masomo ya jioni au ya wikiendi, na kwanza fungua mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, uone kozi imo, kwa jina hilohilo na chuo hichohicho. Ada ukiigawa ni 125,000 kwa mwezi. Kwenye 394,200 itauma sana, sikufichi, na pengine utahitaji SACCOS ikusogeze mwanzoni mwa muhula. Lakini ukimaliza bila deni la Bodi, ile 800,000 inakuwa 660,000 mkononi, na hata ile 600,000 inakuwa 516,000. Shahada ni ileile.

Wakati unasubiri dirisha la udahili, fanya kozi ya OSHA ya usalama na afya mahali pa kazi. Ni ya wiki chache. Halafu muulize bosi wako kwa adabu: sheria inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya, je, hapa kwetu ni nani? Kama hayupo, mwombe akuteue wewe, kwa barua, na posho iandikwe humo. Hapo utakuwa umeshika ile kazi ya pili kabla hujalipa ada hata shilingi, na utajua kama unaipenda. Wapo wanaoota usalama halafu wanachoka mwezi wa kwanza kugombana na mafundi wasiotaka kuvaa glavu.

Kisha mwombe akuchangie ada. Akikubali atataka kukufunga mkataba wa kumtumikia miaka kadhaa, na humo huwa kuna kipengele cha kurudisha gharama ukiondoka mapema. Usisaini papohapo. Angalia kama kiasi cha kurudisha kinapungua kila mwaka unaotumikia au kinabaki kilekile hadi siku ya mwisho, na kama kinakuhusu hata pale wao wenyewe watakapokupunguza kazini. Ukiona hakieleweki, nitumie nakala niisome.