Uliza Tukujibu: Seneta hana chama, ukumbi mtupu, anaongea na nani?

Mwangaluka wasomaji. Meseji za bei ya sato zimejaa ila zitasubiri toleo lijalo, leo tunakwenda Ulaya kidogo.

SWALI (Kirumba, Mwanza): Binti wa dada yangu yuko Dublin anasoma, kila mara ananirushia klipu za seneta mmoja wa Ayalandi ambaye hana chama. Jamaa anaongea vizuri, ana data, ila ukumbi mtupu, nahesabu vichwa vinne vitano na mmoja kainamia simu. Sasa hana chama, hana watu nyuma yake, anaongea na nani? Si ajiunge tu na chama kikubwa asikilizwe?

JIBU: Mjomba, huo ukumbi mtupu usikutishe. Wengi wanakuwa ofisini au kwenye kamati humo humo Leinster House, jengo la bunge lao, wanafuatilia kwenye skrini, kengele ya kura ikilia ndo unawaona wanatokea mbio. Hata Dodoma ukiwasha tivii mchana baada ya msosi rangi ya viti unaiona vizuri tu.

Kwa kura kweli hana nguvu, hapo uko sahihi. Seneti yao ina watu 60. Kati yao 11 wanateuliwa na waziri mkuu, wao wanamwita Taoiseach, 43 wanachaguliwa na madiwani, wabunge na maseneta wanaomaliza muda, na hao ni watu wa vyama hasa, halafu 6 ndo wanachaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu. Wasio na chama wengi wameingilia mlango huo wa vyuo, mfano David Norris wa chuo cha Trinity cha Dublin alikaa toka 1987 mpaka Januari 2024. Ukijumlisha wale 11 wa kuteuliwa, serikali mara nyingi ina uhakika wa kura, na hata ikishindwa Seneti inachelewesha muswada wa kawaida siku 90 tu, ukiwa muswada wa fedha ndo kabisa, wana siku 21 za kutoa mapendekezo ambayo wabunge wanaweza kuyaweka pembeni.

Kwa hiyo usipime kwa kura. Seneta wa namna hiyo anaongea na waziri aliyekaa mbele yake, na anaongea na hansadi, maana kila neno linaandikwa na linabaki. Mimi ningekushauri hizo hotuba za kwenye klipu uziache, tafuta hatua ya kamati, pale muswada unapochambuliwa kifungu kwa kifungu, analeta marekebisho, waziri analazimika kusimama aseme kwa nini anakataa. Pale hakuna mbwembwe, panaboa kweli kweli, ila ndo kwenye kazi.

Chukua suala la viboko, maana hilo na sisi tunalijua kwa makalio yetu. Miaka ya 1950 kulikuwa na seneta anaitwa Owen Sheehy-Skeffington, hana chama, mwalimu wa Kifaransa pale Trinity, akalipeleka Seneti suala la watoto kuchapwa shuleni. Enzi hizo shule nyingi ziko chini ya kanisa, kugusa habari hiyo ni kujitafutia maadui, na hakushinda. Akafa 1970 watoto bado wanachapwa. Viboko shuleni vikaja kupigwa marufuku 1982, na kinga ya mwalimu kwenye sheria ya jinai ikafutwa 1997. Ila nyumbani mzazi bado alikuwa na utetezi wa zamani walioachiwa na Waingereza, kwamba nilimwadhibu kwa kiasi, na mahakama inamwelewa. Mwaka 2015 akatokea seneta mwingine asiye na chama, Jillian van Turnhout, huyu aliteuliwa na Taoiseach Enda Kenny na kabla ya hapo alikuwa anaongoza muungano wa mashirika ya haki za watoto. Mwaka huo huo kamati ya haki za jamii ya Baraza la Ulaya ilikuwa imeshasema Ayalandi inakiuka mkataba wa Ulaya wa haki za jamii, basi mama akaona mwanya, muswada wa ulinzi wa watoto ulikuwa unapita Seneti, akachomeka marekebisho ya kufuta ule utetezi, serikali ikakubali, Desemba 2015 ikaanza kutumika. Hakuwa na chama wala jeshi la kura, alikuwa na kifungu kimoja kilichoandikwa vizuri na alijua saa ya kukileta.

Angejiunga na chama? Angepata wenzake wa kupiga nao kura, sawa, ila siku chama kikisema hapana angekaa kimya. Tusiwapambe sana lakini, wapo wasio na chama wanaongea miaka nenda rudi na huoni hata kifungu kimoja chenye alama yao.

SWALI (Nyakato): Mimi ni fundi, nilichukua kazi ya sabu, yaani chini ya mkandarasi mwingine, kwenye jengo moja, nimemaliza, mkandarasi mkuu ananiambia na yeye hajalipwa nisubiri. Rafiki yangu anasema Ayalandi hiyo ya kusubirishwa imefutwa na mfanyabiashara aliyekuwa seneta, ni kweli au stori za kijiweni?

JIBU: Ni kweli, pole sana kaka. Ni Feargal Quinn, aliyeanzisha supamaketi za Superquinn, seneta wa vyuo asiye na chama toka 1993 mpaka 2016. Baada ya uchumi wao kuanguka 2008 mafundi na masabu wengi waliachwa na madeni, Quinn akaleta muswada binafsi 2010. Muswada binafsi wa mtu asiye na chama kawaida unafia njiani, huu serikali iliuchukua wakaufanyia kazi pamoja, ukawa sheria 2013 na ukaanza kutumika Julai 2016. Ile ya "nitakulipa nikilipwa" kwa sehemu kubwa haina nguvu tena, labda aliye juu yake awe amefilisika. Mkataba lazima uonyeshe hela inalipwa lini, usipoonyesha sheria inaweka yenyewe siku 30. Ukichelewa kulipwa unatoa notisi unasimamisha kazi, na mkigombana anakaa mwamuzi anayetakiwa kutoa jibu ndani ya siku 28. Kazi za chini ya euro 10,000 haziguswi, kwa hiyo fundi mdogo kabisa bado analia. Kwako wewe sheria hiyo haikusaidii, ila kazi ijayo usianze kwa maneno ya simu, andikishianeni tarehe za malipo na kila mtu asaini.

SWALI (Sengerema): Kwetu mtu anaweza kuingia bungeni bila chama kama hao?

JIBU: Kwa kugombea, hapana. Katiba yetu inataka mgombea ubunge awe mwanachama na apendekezwe na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alipigania hilo miaka na miaka, Mahakama Kuu ikamkubalia, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge siyo la mahakama, akaenda Mahakama ya Afrika ambayo iko hapo hapo Arusha, ikampa ushindi Juni 2013, lakini sharti la chama likabaki. Na sisi Seneti hatuna, jirani zetu kama Kenya ndo wanayo. Kinachofanana kidogo na wale 11 wa Taoiseach ni wabunge hadi 10 ambao Rais anateua, na kwa hao Katiba haiweki sharti la chama.

SWALI (Kirumba tena, yule mjomba): Binti akimaliza digrii ataweza kumpigia kura huyo seneta wake?

JIBU: Kama huyo seneta ni wa viti vya vyuo na binti ana uraia wa Ayalandi, ndiyo, digrii peke yake haitoshi. Kura yenyewe ni ya posta, kwa hiyo hata akirudi Mwanza karatasi inamfuata. Zamani viti hivyo 6 vilikuwa vya wahitimu wa Trinity na chuo kikuu cha taifa tu, vitatu vitatu, na wananchi walishakubali kuvipanua kwa kura ya maoni ya 1979 ila wanasiasa wakaikalia mpaka Mahakama ya Juu ilipowabana 2023. Uchaguzi wa Januari 2025 ulikuwa wa mwisho wa Seneti nzima kwa mtindo ule, sasa viti vyote sita vimewekwa kapu moja na vyuo vingine vimeingia. Mwambie aulize chuo chake kama kimo.