Korona imegusa ini langu: ninywe dawa ya kulisafisha?

SWALI: Daktari, mwezi uliopita nilipimwa nikapatikana na korona. Kikohozi kilikuwa kidogo, lakini niliharisha siku nne mfululizo. Sasa vipimo vinaonyesha vimeng'enya vya ini vimepanda kidogo. Jirani ameniletea chupa ya mitishamba ya kusafisha ini. Niitumie? – Msomaji, Kayole

JIBU: Hapana, dada. Usiinywe.

Virusi vya korona huingia kwenye seli za mwili kwa kushika protini iitwayo ACE2. Protini hiyo haiko mapafuni tu. Imejaa kwenye utumbo mwembamba, na ipo pia kwenye mirija ya nyongo ndani ya ini. Ndiyo maana wapo wanaoanza kuhara kabla hawajakohoa. Kwa wengi vimeng'enya, yaani protini za ini zinazovuja kwenye damu likisumbuliwa, hupanda kidogo, kisha hushuka vyenyewe mwili unapopona.

Hii habari ya kusafisha ini inanichosha. Ini halikusanyi taka zikangoja kuoshwa! Lenyewe ndilo linalochuja damu, na karibu kila unachomeza hupita hapo, pamoja na hiyo mizizi isiyojulikana ni ya mti gani wala ina nguvu kiasi gani. Nawapokea kliniki watu waliokuwa na tatizo dogo kama lako, wakanunua chupa kwa mchuuzi ndani ya matatu, wakaja kwangu macho yamegeuka manjano. Muuzaji hayupo tena, namba yake haipatikani.

Na si mitishamba peke yake. Parasetamoli ni dawa nzuri, ila mtu mzima asipite tembe 8 za miligramu 500 kwa saa 24, na anayekunywa pombe au aliyedhoofika apunguze zaidi. Soma pakiti ya dawa ya mafua pia, kwa sababu nyingi zina parasetamoli hiyo hiyo ndani. Antibaiotiki unazouziwa dukani bila karatasi ya daktari haziui virusi, na amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti inajulikana kwa kuumiza ini la baadhi ya watu. Anayekuuzia hizo "ukae salama" hakusaidii.

Wewe acha pombe kwa sasa, kula kawaida, rudia kipimo baada ya wiki chache. Omba upimwe homa ya ini aina ya B na C, maana korona huenda imefichua tu kilichokuwepo. Macho yakiwa manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukianza kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na hiyo chupa uende nayo daktari aione.