Nimeizoea theluji ya Kibo, ya Austria nitaiweza?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mpagazi, naishi Kiborloni hapa Moshi. Mteja niliyempandisha Kibo kanialika kwao Austria mwezi wa pili, tukatembee milimani kwenye theluji, mbali na njia za watalii. Mke wangu kaona kwenye simu theluji ikifukia watu, hataki niende. Mimi baridi nimeshaizoea. Nimjibu nini? – Mgumu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shemeji ana haki ya kuogopa, msome hili pamoja. Kibo imekufundisha baridi na uhaba wa hewa. Theluji bado, kwa sababu hii tunayoikanyaga kule Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kibo, huwa haba na usiku imeganda. Austria inarundikana tabaka juu ya tabaka msimu mzima. Tabaka moja la chini likiwa dhaifu, bamba zima la juu linakatika kwa mpigo, na kwa kawaida anayelikata ni yule yule anayefukiwa, au mwenzake. (Hizo habari za kupiga kelele theluji ikaanguka ni za sinema.)

Bamba hupenda mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Simu yako inaweza kupima. Ila ukipita bondeni chini ya mteremko wa namna hiyo, bado uko njiani mwake.

Unakumbuka tunavyoipita Western Breach, ile njia kali ya upande wa magharibi wa Kibo, alfajiri, kabla jua halijalegeza barafu inayoshikilia mawe? Januari 2006 mawe yaliporomoka pale yakaua Wamarekani watatu. Jua ni adui Austria pia, lakini usilale ukidhani baridi itakulinda: usiku mmoja wa theluji mpya na upepo mkali unatosha kuufanya mlima uwe hatari. Ukisikia mvumo mzito chini ya miguu, au ukaona ufa unakimbia mbele yako, geuza, hata mwenyeji wako akisema mmekaribia.

Sasa vifaa. Koti utalipata hapo hapo Kiborloni kwenye mitumba. Vitu vitatu hutavipata: kifaa cha redio cha kuvaa mwilini, kinachotuma mawimbi na kutafuta ya mwenzako, fimbo ndefu ya kukunjua, ya kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo la chuma. Kila mtu awe na vyake. Theluji ikishatulia inakuwa ngumu kama zege, mikono haichimbi. Anayefukuliwa ndani ya dakika 10 hivi kwa kawaida hupona. Ikifika nusu saa, matumaini yameshuka sana. Helikopta haiwahi. Anayekuokoa ni uliyetoka naye, kwa hiyo mwambie akufundishe kukitafuta kifaa kilichofukiwa kabla hamjaupanda mlima wowote. Akikwambia si lazima, baki mjini kwake unywe kahawa.

Na ule mstari wetu wa kupanda Kibo usiku, kila mtu nyuma ya kisigino cha mwenzake, uache huku. Mteremko wa mashaka mnauvuka mmoja mmoja, wengine wakitazama toka mahali salama.

Kila siku wenyewe hutoa taarifa ya hatari, daraja la 1 hadi 5. Watu wengi hufa siku za daraja la 3, wakidhani ni la kati tu. Mgeni kama wewe toka siku za 1 au 2, kwenye miteremko ya kulala.

Miwani yako ya jua ya Kibo ichukue, inafaa kule pia. Na bima yako iandikwe uokoaji wa milimani, kabla hujakata tiketi.