Uko Ukurasa wa Ngapi?

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe. Yuko kwenye kikundi cha kusoma, wamechagua riwaya, amefika karibu robo yake na tayari ana mengi moyoni. "Lakini naogopa, kaka. Nikisema kabla sijamaliza nitaonekana mjinga. Nikisubiri nimalize, wenzangu watakuwa wameshasema yote." Niliusoma mara tatu, kisha nikacheka peke yangu, maana huyo mjinga anayemwogopa namfahamu vizuri sana. Ni mimi. Na nilikuwa mjinga kwa sauti, mbele ya watu tisa.

Riwaya yenyewe sitaitaja, utaona kwa nini. Ina kurasa 300 na ushei, na msimulizi wake ni mtu mzima anayekumbuka utoto. Ukurasa wa 19 anasema kaka yake alikufa maji. Ukurasa wa 64 kaka huyohuyo anakufa kwa homa, kitandani, mama yao kashika taa. Nilipofika hapo nilirudi nyuma kuhakikisha, nikapata ile raha mbaya ya kumfuma mtu. Nimemkamata! Mwandishi amesahau alimwuaje mtu wake mwenyewe!

Kikundi chetu kilikutana jioni ileile. Tulikuwa tumeagana kila mtu awe amefika nusu; mimi nilikuwa nimeishia ukurasa wa 70. Nilikuwa na shughuli, tusiulizane. Nikaomba nafasi ya kwanza. Nikasema mwandishi hajui kazi yake, mhariri alilala, na sisi wasomaji tumegeuzwa watoto. Nilisema vizuri, lazima nikiri. Nilikuwa nimeipanga hotuba ile njiani, na hata mahali pa kunyamaza kidogo nilikuwa nimepapanga.

Palikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Aliniacha nikamaliza. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akairudisha.

"Mwanangu, uko ukurasa wa ngapi?"

"Sabini."

Hakuongeza neno. Mtu mmoja upande wa pili akaguna, na mguno ule ndio ulionimaliza. Wengine wakaanza kutazama vitabu vyao kama watu walioingia chumbani wakakuta mtu hajavaa.

Nyumbani nilisoma mpaka usiku wa manane. Ukurasa wa 188 kaka anafungua mlango na kuingia, mzima wa afya, kazeeka tu. Kumbe hakufa. Msimulizi alimsaliti miaka mingi nyuma, na kwa kuwa hawezi kuishi na jambo hilo amekuwa akimwua kichwani mwake, leo kwa maji, kesho kwa homa. Vile vifo viwili vilikuwa ndio ufunguo wa kitabu kizima. Nilikuwa nimeushika mkononi, nikausimamia hotuba kuwa ni takataka.

Basi nikatia kufuli mdomoni. Kwa miezi saba nilikwenda kwenye kikundi, nikasikiliza, na nikajiwekea sheria kwamba sisemi kitu mpaka nifunge jalada la mwisho. Niliiona ni adabu. Sasa naiona ilikuwa ni kiburi kilichoumizwa kikajivika kanzu ya unyenyekevu. Matokeo yake yalikuwa haya: nilipomaliza kitabu na kuulizwa nimekionaje, nilijibu, "Kizuri. Kinafikirisha." Kwa vitabu vinne mfululizo! Mtu asiyesoma kabisa angeweza kusema hivyo.

Hapo ndipo nilipong'amua kwamba mwisho wa kitabu hula katikati yake. Ukishajua kaka yu hai, huwezi tena kukumbuka ilikuwaje kutojua. Hasira yako ya ukurasa wa 64 inafutika, na pamoja nayo unafutika ushahidi wa namna mwandishi alivyokuchezea. Maoni ya baada ya kumaliza huwa yamenyooka na yana heshima zake, lakini mara nyingi yamepoa. Kukisia vibaya katikati ya safari kuna thamani yake, kwa sababu kunaonyesha mwandishi alikutega wapi na ulinasaje.

Halafu Mwalimu akaniazima nakala yake ya riwaya ileile. Sijui alikusudia au la, na sikumwuliza. Nikaenda moja kwa moja ukurasa wa 64. Pambizoni, kwa penseli, kwa mwandiko ule wa kuandikia ubaoni, alikuwa ameandika: "Anadanganya, au mwandishi kasahau?"

Nilikaa nikiutazama mstari ule. Mama huyu aliona kilekile nilichokiona, mahali palepale, na hata yeye hakuwa na hakika. Tofauti yetu ilikuwa alama moja ya kuuliza. Nilimshukuru sana, na bado namshukuru. Ila nisikudanganye, kuna siku huwa nawaza kwamba jioni ile angeweza kunifungulia ukurasa huo mbele ya wale waliokuwa wanaguna. Hakufanya hivyo. Basi.

Tangu siku hiyo nimerudi kusema katikati, na nasema sana. Mwaka jana kikundi kilinipa mimi kazi ya kuongoza mazungumzo. Sijisifu, nataja tu. Jambo la kwanza ninalomtaka mtu afanye kabla ya kufungua mdomo ni kutaja ukurasa aliopo. Taja ukurasa, kisha sema chochote unachotaka, hata kama ni matusi kwa msimulizi. "Niko ukurasa wa 70 na mtu huyu ananikera" ni sentensi ya kweli leo, na itabaki kweli hata ukifika ukurasa wa 300 ukampenda. "Kitabu hiki ni kibovu", wakati uko ukurasa wa 70, ni kesi uliyoihukumu kabla shahidi hajafika.

Wakubwa walifanya hivyo. Agosti 1922 mwandishi Mwingereza Virginia Woolf aliandika katika shajara yake kwamba amesoma kurasa 200 za Ulysses, riwaya ya James Joyce, na kwamba hata theluthi bado. Sura mbili tatu za mwanzo zilimfurahisha mpaka mwisho wa tukio la makaburini, baada ya hapo akachoka na kukereka. Septemba akakimaliza, na bado hakukipenda. Wengi wamebishana naye na wewe unaweza kubishana naye, lakini lile swali la Mwalimu huwezi kumwuliza, kwa sababu jibu lake aliliandika mwenyewe.

Na kuna wasomaji ambao hawakuwa na hiari. Charles Dickens alitoa riwaya zake kwa vipande, nyingine kila mwezi na nyingine kila wiki, kwa hiyo watu walijadili kitabu huku mwandishi bado anakiandika. Alipofariki Juni 1870 alikuwa ameandika vipande 6 kati ya 12 vya The Mystery of Edwin Drood. Kila aliyeisoma tangu wakati huo ameishia katikati, na hadi leo watu wanabishana kama Drood, kijana anayetoweka ndani yake, aliuawa kweli, na kama aliuawa, na nani. Laiti wote wangesubiri wamalize!

La pili nimeshalisema: weka alama ya kuuliza. La tatu ni kuonyesha mahali. Usiniambie lugha ni nzito, nisomee sentensi iliyokulemea. Nikimwomba mtu anisomee sentensi, mara nyingi katikati ya kuisoma anajigundua kwamba kilichomkera ni kitu kingine kabisa. La nne linawahusu waliotangulia: usimwage mchele penye kuku wengi. Kama umefika mwisho na mwenzako yuko ukurasa wa 40, mwulize anadhani nini, halafu uyameze unayoyajua. Najua yanawasha kooni. Vumilia. Kuna mtu aliwahi kunitajia muuaji kwa nia njema kabisa, na sijamsamehe.

Kuacha kitabu nako ni maoni, mradi useme umeachia wapi. Ninaowashangaa ni wale wanaotoa hukumu kwa kutazama jalada na mistari ya nyuma, na ninaowahurumia ni wale wanaosoma maoni ya wengine kwanza ili wajue wahisi nini. Ndugu zangu, kitabu umeshika wewe, macho ni yako. Ukihisi umechoka, umechoka. Andika. Nina daftari ambalo nilipokuwa katikati ya Nagona ya Euphrase Kezilahabi, kitabu chembamba kilichotoka 1990, niliandika: "Sielewi, na sitaki kuacha." Baada ya kumaliza niliandika kurasa tatu za busara tupu, na sina hamu ya kuzisoma tena. Ile sentensi moja naisoma kila mara.

Nilimjibu yule dada kwa maneno machache kuliko haya, maana nilijua nikianza sitaacha, kama unavyoona. Nilimwuliza tu yuko ukurasa wa ngapi na ni nani aliyemkera.

Jana usiku alijibu. Ukurasa wa 43, na hampendi baba wa kwenye kile kitabu, kwa sababu ni mpole mno. Kitabu hicho nimekisoma. Nimeyameza ninayoyajua, nikamwuliza upole huo ameuona kwenye sentensi ipi, na sasa nasubiri.