Bando limeisha, kivinjari kinasema uko hewani

Kwenye programu za wavuti za watu wa bodaboda hapa Dar es Salaam, kinachonisumbua kuliko ramani ni `navigator.onLine`, jibu la kivinjari la true au false kuhusu kama simu ina mtandao. Wanaoanza huiamini mno. Ikijibu false, basi kweli simu haina mtandao. Ikijibu true, ujue tu kwamba simu imeshika mtandao fulani. Kama mtandao huo unafika kwenye intaneti, kivinjari hakijui. Dereva aliyeishiwa bando akiwa Mbagala bado data yake imewashwa, na alama ya 4G iko palepale juu ya kioo. Programu inamwona yuko hewani. Anabonyeza "Nimefikisha", kiduara kinazunguka, mteja anapiga simu kuuliza mzigo uko wapi.

Kwa hiyo mimi huiuliza seva yenyewe. Tuma `fetch` ndogo, yaani ombi la JavaScript kwa seva, yenye `cache: "no-store"` ili jibu lisitoke kwenye kache (nakala iliyohifadhiwa na kivinjari), uikatishe kwa `AbortController` zikipita sekunde tano. Matukio ya `online` na `offline` yakuamshe tu ukajaribu tena. Na alichobonyeza dereva kiingie kwanza kwenye IndexedDB, hifadhi iliyo ndani ya kivinjari, ndipo kitumwe. Kuna pia `navigator.connection` ya kukadiria kasi, lakini Safari haina, usiitegemee.

Upande wa mahali, kumbuka Chrome ilifunga huduma ya kujua mtumiaji alipo (Geolocation) kwa kurasa zisizo na HTTPS tangu 2016. Localhost, yaani anwani ya kompyuta yako yenyewe, imesamehewa, ndiyo maana kwenye kompyuta yako kila kitu kinakwenda vizuri, halafu ukifungua kwa simu kupitia anwani ya mtandao wa ndani, 192.168 na kuendelea, inagoma.

Halafu soma `coords.accuracy`, yaani mahali ulipopewa panaweza kukosea kwa kiasi gani, kabla hujachora chochote. Ni mita. Ikiwa 15, mpeleke dereva. Ikiwa 2000, mteja anaweza kuwa Kariakoo au Posta, na kumwekea pini moja kali kwenye ramani ni kumdanganya dereva. Chora duara, mwache mteja aisogeze pini mwenyewe, na umpe nafasi ya kuandika "nyuma ya msikiti, geti jekundu". Maneno hayo yanafikisha mizigo mingi kuliko setilaiti, niamini.

Weka `timeout`, muda wa juu wa kusubiri mahali papatikane, maana usipoiweka kivinjari kinaweza kusubiri bila kikomo. Mimi huweka 10000, yaani sekunde kumi. `watchPosition`, inayofuatilia mahali mfululizo, ukiiunganisha na `enableHighAccuracy` (usahihi wa juu) inamaliza chaji, hivyo safari ikiisha ita `clearWatch` mara moja ili ufuatiliaji ukome. Dereva asiye na chaji saa kumi jioni hatakuelewa.

Ruhusa iombwe mteja anapobonyeza "Tumia mahali nilipo", si ukurasa unapofunguka. Akikataa utapata kosa namba 1, na mara nyingi kivinjari hakitamuuliza tena. Hapo usimrushie onyo jekundu. Mfungulie kisanduku cha kuandika mtaa, oda iendelee.