Nikikasirika nanyamaza, mke wangu anasema namdharau

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi na mke wangu tuna miaka sita kwenye ndoa na watoto wawili. Hasira zangu ziko karibu, hata marehemu baba alikuwa hivyo. Tukikosana hukumbuka hadithi isemayo ukikasirika unyamaze, basi nanyamaza, wakati mwingine siku nne au tano. Yeye anasema kimya changu ni dharau, bora hata nimtukane. Nikijibu, sauti inapanda. Juzi nilimpokonya simu nikaibamiza ukutani ikapasuka, nikamwambia, "Rudi kwenu!" Je, hiyo ni talaka? Na kunyamaza kwangu si Sunna?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Nianze na talaka, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. "Rudi kwenu" si tamko la wazi. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, huliita kinaya, na hukumu yake hufuata nia uliyokuwa nayo ulipokuwa ukilitamka. Ka'b bin Malik (r.a.), mmoja wa wale watatu waliobaki nyuma safari ya Tabuk mwaka wa 9 Hijria, alipoletewa amri ya Mtume ya kujitenga na mkewe aliuliza: nimtaliki, au nifanyeje? Akaambiwa hapana, usimkaribie tu. Ndipo akamwambia mkewe aende kwao akakae huko mpaka Mwenyezi Mungu apitishe hukumu Yake. Maneno yanakaribiana na yako, na hayakuwa talaka kwa kuwa hakuikusudia.

Basi jiulize kwa ukweli. Kama ulitaka akuondokee machoni tu, huyo ni mkeo. Kama moyoni ulikuwa unamwacha, imepita talaka moja, na hapo nenda kwa kadhi au sheikh wa mtaani kwenu ukajieleze uso kwa uso, mambo ya eda na ya kumrejea mkeo yapate msimamizi. Usijidanganye tu kwamba hasira ni kinga. Ungesema "nimekuacha" na unajua unachosema, kwa wanazuoni walio wengi ingepita. Nani anayeacha mke huku anacheka?

Sasa kimya chako. Hadithi unayoitaja ipo, ameipokea Imam Ahmad kutoka kwa Ibn Abbas. Lakini imekuambia unyamaze ukikasirika, na wewe hasira imekwisha Jumatatu jioni, kimya kimefika Ijumaa. Siku hizo zote ulizoongeza si Sunna, ndugu yangu, ni adhabu unayompa mtu kisha unaivika kanzu. Mtume (s.a.w.) amesema si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule anayeanza kutoa salamu.

Utaniambia: mbona Mtume mwenyewe aliwahama wake zake mwezi mzima? Ni kweli, tena imo katika Bukhari na Muslim. Lakini itazame ilivyokuwa. Aliapa kuwa hataingia kwao mwezi mmoja, na muda ule ukajulikana. Alipoteremka kutoka chumba cha juu alikokaa muda huo akaanzia kwa Bibi Aisha (r.a.), naye akamwambia: uliapa mwezi, na leo ni siku ya 29, nimekuwa nikizihesabu moja moja. Akamjibu kuwa mwezi huo ni wa siku 29. Aisha aliweza kuhesabu kwa sababu alijua anahesabu kuelekea wapi. Mkeo anahesabu kuelekea wapi? Analala hajui kama kesho utaitikia salamu yake. Ndiyo maana anaona bora matusi, kwani tusi angalau lina mwisho.

Kwa hiyo nyamaza, lakini aga kwanza. Mwambie, "Mama fulani, sasa hivi nimepanda, nitasema nisiyoyataka. Naenda kuswali Isha, nikirudi tutakaa." Kisha urudi na ukae kweli. Usiporudi, mara ya pili hatakuamini, na atakufuata hadi mlangoni akitaka jibu.

Kuhusu hasira za kurithi, sikatai kwamba watu wameumbwa tofauti. Bwana mmoja alimwomba Mtume amuusie, akamwambia usikasirike, akarudia ombi lake mara kadhaa na jibu likawa lile lile. Wanazuoni wengi wamesema hakukatazwa kuhisi hasira, amekatazwa kuitii. Nawe unaweza, kwani sidhani umewahi kubamiza simu ya bosi wako. Sayyidna Umar alikuwa mkali kwelikweli, na siku moja Uyayna bin Hisn alimwambia usoni kuwa hatoi cha kutosha wala hahukumu kwa haki. Umar akawaka, karibu amfanye kitu. Al-Hurr bin Qays akamsomea aya ya 199 ya Suratul A'raf, ya kushika msamaha na kuwapuuza wajinga, na Umar hakuivuka hata hatua.

Kuna jingine amelipokea Abu Dawud kutoka kwa Abu Dharr: ukikasirika umesimama, kaa, na isipoondoka, jilaze. Al-Khattabi, mwanachuoni aliyeifafanua hadithi hiyo, ameeleza kuwa aliyesimama yuko tayari kwa kupiga na kwa kushika, aliyekaa hayuko hivyo. Uliipokonya ile simu umekaa au umesimama?

Mkishakaa, zungumzeni jambo la siku hiyo tu. Ya mama mkwe na ya harusi ya mwaka juzi yaache. Musa na Harun walipotumwa kwa Firauni, aliyechinja watoto, waliamriwa waseme naye maneno laini. Mkeo kakosa nini cha kuzidi Firauni?

Imebaki simu. Anas amesimulia kwamba Mtume alikuwa kwa mmoja wa wake zake, mwingine akamtuma mtumishi alete sahani ya chakula, na yule mke mwenye nyumba kwa wivu akampiga mtumishi mkono, sahani ikaanguka ikavunjika. Mbele ya wageni. Mtume hakupaza sauti. Aliviokota vipande, akakusanya chakula, akasema, "Mama yenu ameona wivu." Lakini hakuishia hapo. Alichukua sahani nzima ya yule aliyevunja akampelekea aliyevunjiwa, na iliyovunjika ikabaki kwa aliyeivunja.

Mali ya mke ni ya mke. Umeiharibu, unailipa: nyingine ya namna hiyo au thamani yake, na isitoke kwenye pesa ya matumizi ya nyumba, hiyo ni haki yake nyingine unayodaiwa kila siku. Ukimkabidhi usimkumbushe bei.

Wallahu a'lam.