Majani ya mmea wangu yanadondoka: niongeze maji?

SWALI: Nina Xerosicyos danguyi, mmea utambaao kutoka Madagaska wenye majani manene ya duara kama sarafu. Naumwagilia kila baada ya siku mbili, lakini majani yanageuka manjano na kudondoka. Nakosea wapi?

JIBU: Maji yamezidi. Mmea huu ni wa jamii ya maboga, ila tafadhali usiulee kama boga. Kwao ni misitu mikavu ya miiba kusini-magharibi mwa Madagaska, na majani yenyewe ndiyo ghala la maji. Udongo ukilowa muda wote, mizizi hukosa hewa na kuoza. Ikioza hainyonyi tena, ndiyo maana majani hulegea kana kwamba yana kiu.

Ung'oe, kata mizizi yote myeusi na laini, uweke kivulini siku 5 hadi 7 majeraha yakauke. Panda upya kwenye changarawe ndogo sehemu 2 kwa udongo sehemu 1, chungu kiwe na matundu. Subiri wiki moja kabla ya kumwagilia. Baadaye chomeka kijiti hadi chini: kikitoka na unyevu, usimwagilie.

Shina likiwa limeoza pia, okoa ncha isiyooza ya sentimita 10 hadi 15, ikaushe vivyo hivyo, uipande. Usingoje mbegu: dume na jike ni mimea tofauti, hivyo mmoja peke yake hauzai mbegu.